Sindano za Mchina

Kwa miaka saba Warigia aliwatazama watoto wa mtaa wa West Indies wakitoka shule na pakiti za maziwa ya Nyayo, yale ya bure ya serikali, naye hana hata mmoja wa kumfulia yunifomu.

Daktari alimpa vidonge vya kukomaza mayai. Gerishon, mumewe mwenye duka, alijua habari za vidonge. Alipoombwa naye apimwe alicheka: tangu lini jogoo akapimwa? Kisha nesi mmoja akamnong'oneza Warigia kwamba kuna mama wa Kichina, nyuma ya soko, anayechoma watu sindano nyembamba zisizo na dawa, tumboni na miguuni, ili vidonge vishike vizuri. Warigia akawa anaenda kila Jumamosi. Tumaini lilimlevya, maskini, na mlevi hachungi mdomo.

Siku moja mama mkwe alikuja kutoka Moiben kuwatembelea.

"Jumamosi huwa unapotelea wapi?"

"Naenda kudungwa sindano, Mama," Warigia akajibu akitabasamu. "Gerishon sijamwambia. Nangoja ifanye kazi kwanza."

Mdomo uliponza kichwa. Kwa akina mama wa huko sindano ilikuwa moja tu: ile ya kupanga uzazi, waliyoambiwa kwamba hufunga tumbo.

"Kumbe ni wewe! Miaka saba unanimalizia wajukuu na sindano!"

Warigia alieleza habari za yule Mchina mpaka sauti ikakauka. Alifunua hata tumbo, na zile alama ndogo ndizo zilizommaliza. Gerishon alipofunga duka alisikia ya mama yake tu. Vidonge alivitupa chooni, mke akamrudisha kwa baba yake huko Turbo. Hata kumpiga hakumpiga. Alimwogopa kama mchawi.

Masika mbili zilipita. Warigia alikuwa akiuza mboga kando ya barabara pale Turbo, mwanamke akasimama mbele yake: Wacera, mke mpya wa Gerishon. Tumbo lake lilikuwa bapa. Warigia alifurahi, Mungu amsamehe, alifurahi kabisa.

"Dada," Wacera akasema, macho chini, "yule Mchina wako bado yuko?"

Furaha ikamwishia pale pale. Aliijua sauti hiyo. Ilikuwa yake mwenyewe.

"Yuko. Nitakupeleka. Lakini ukifika nyumbani, usitaje sindano."

"Sasa nikiulizwa niseme nini?"

Warigia akafikiri, akapanga mboga upya, akafikiri tena. Neno lingine la sindano hakulipata.