Jogoo Asiyechinjwa Melini

Mpishi wa meli ile ya mizigo alinunua jogoo mwekundu sokoni kabla ya kung'oa nanga. Sikukuu ingewakuta baharini, na mabaharia walikuwa wamechoshwa na maharage.

Aliyeharibu mambo ni serahangi, mkuu wa mabaharia.

"Mama, huyo hachinjwi," alisema. "Babu alinisimulia. Zamani meli zikizama, watu walikwenda na maji, lakini kuku walifika pwani wamekaa juu ya matenga yao kama mabwana harusi. Kuku hazami."

"Matenga ni ya mbao, baba. Mbao huelea."

"Haya, chinja uone."

Habari ikaenea kuliko harufu ya kitunguu. Siku ya sikukuu, mabaharia wote waliingia chumba cha kulia wamevaa majaketi ya kujiokolea. Walibanana mezani, viwiko havipindi, vijiko havifiki mdomoni.

"Nani kasema tunazama?" kapteni alifoka.

"Hakuna, Kapteni. Tunasubiri kitoweo tu."

Kapteni hakuwa mtu wa kuendeshwa na hadithi za mababu. Alimshika jogoo mwenyewe, akamnyang'anya mpishi kisu. Papo hapo injini ikakohoa, ikazima. Fundi mitambo akapiga simu kutoka chini: chujio la mafuta limeziba, analisafisha sasa hivi. Hakuna aliyemsikiliza. Macho yote yalikuwa kwa kapteni.

Akamtua jogoo mezani polepole, kama mtu anayerudisha sahani ya watu.

"Mpe wali," alimnong'oneza mpishi. "Na umwombe radhi kwa niaba yangu."

"Mwombe mwenyewe, Kapteni."

Akamwomba.

Tangu hapo jogoo alikula meza kuu. Lakini walipofika bandarini, hata kamba hazijakazwa, akaruka gatini na kwenda zake bila kugeuka nyuma. Mabaharia wakatazamana. Serahangi akabeba begi lake, wengine wakafuata. Kapteni, ambaye kwa desturi huwa wa mwisho kutoka, alikuwa ameshafika chini ya ngazi.

Meli ikadoda, imejaa shehena, haina wa kuiondoa. Mpishi alikuwa na wanawe nyumbani, ng'ambo ya pili, na subira ilimwishia. Akaenda sokoni, akarudi na jogoo mwekundu kwapani.

"Ndiye?" kapteni aliuliza.

"Ndiye."

"Mbona kanenepa?"

"Kapumzika."

Kapteni akavua kofia, akampisha jogoo apande kwanza.

Wakaondoka kwa nyimbo na vicheko. Mpishi pekee, ambaye tangu mwanzo hakuamini hata neno moja, hakuweza kutulia. Alishika chuma cha ukingoni akakodolea macho kila wimbi lililokuja, akajibembeleza kwamba kuku ni kuku, kisha akakodoa tena. Huko jikoni wali ukaungua mpaka moshi ukatokea dirishani.

Walifika salama. Serahangi alimpapasa jogoo kichwani, akamwambia ahsante. Mpishi hakungoja hotuba. Alishuka ngazi mbio.