Siagi Katika Vikombe vya Hobicho

Galfato alifyonza kijiko cha tatu kwa kelele, akaizungusha kahawa mdomoni, akaitema ndooni. Kisha akabaki ameinama juu ya vikombe vitano, kijiko hewani, kama mtu aliyenyanyua fimbo akasahau anataka kumpiga nani.

"Siagi," akasema.

"Siagi gani?" Remla aliuliza kutoka ng'ambo ya meza. Yeye ni mwonjaji mwenzake wa kahawa, mwanamke wa Harar, na ulimi wake haujui kuficha. "Nimeonja vyote vitano. Ladha ya ndimu ipo, harufu ya ua ipo. Siagi umeitoa wapi?"

"Imo. Ukiinama unaisikia."

"Nimeinama mpaka mgongo unaniuma, kaka."

Vikombe vile vilikuwa vya Hobicho, kilima cha wilaya ya Bensa alikozaliwa Galfato. Magunia ya kijiji kizima yalikuwa ghalani mjini Hawassa yakingoja neno la watu wawili tu, na watu wawili hao walipaswa kukubaliana. Mmoja akiandika kwamba kuna harufu ngeni, basi kahawa ile haisafiri na jina la kilima chake. Inamwagwa pamoja na za wengine, inauzwa sokoni kama kahawa tu, mtoto asiye na baba. Na karatasi zilikuwa zinafungwa saa kumi jioni.

Galfato alivuta kofia yake ya sufi, akajikuna paji. Kichwa kilikuwa kikimgonga tangu sikukuu ya mwaka mpya wa kwao, Fiche, aliyokwenda kuila nyumbani. Akatoka barazani kumpigia simu shangazi yake Shamme, msimamizi wa vitanda vya kuanikia kahawa kule kijijini.

"Shangazi, nani ameshika kahawa kwa mikono yenye siagi?"

"Nini?"

"Kahawa yetu inanuka siagi."

"Wee Galfato! Kahawa na siagi vimekaa pamoja tangu babu wa babu yako. Leo ndiyo imekuwa kosa?"

"Ya kunywa nyumbani, shangazi. Hii ni ya kuuza. Wale wanaoinunua hawatii siagi wala chumvi."

"Masikini! Wanainywaje?" Kisha sauti yake ikabadilika. "Sasa nisikilize. Kahawa ilishuka vitandani kabla ya Krismasi, ikashonewa maguniani. Siagi ya Fiche wanawake wamejipaka nyweleni juzi. Iliingiaje? Iliruka?"

Galfato alihesabu miezi kwa vidole, akaihesabu tena kuanzia kidole gumba. Ilitoka ileile.

"Kuna mbegu tuliyobakiza ya kahawa hiyohiyo hapa ghalani," shangazi akasema. "Nitaifungua nikainuse. Lakini nikikuta haina kitu, jamaa yangu, tutaonana."

Akarudi ndani. Remla alikuwa amepanga vikombe vya asubuhi, vya mikoa mingine, vilivyokwisha kupita, akavimiminia maji ya moto upya.

"Onja hivi," akamwambia. "Tujue mgonjwa ni kahawa au ni wewe."

Galfato akaanza na kahawa ya Guji, ambayo siku zote humpa harufu ya tunda la pichi. Akainama. Pichi, na nyuma yake siagi. Akaenda kwa ya Jimma, nzito, yenye ladha ya mti na viungo. Siagi. Akasimama wima, akavuta pumzi mbele ya dirisha, hakuna kitu. Akainama, ipo. Akasimama, haipo.

"Inakuja na kuondoka," akasema, na sauti yake yenyewe ikamtisha.

"Kama mkwe," Remla akasema. "Haya, ya kwetu."

Kahawa ya Harar hukaushwa ndani ya ganda lake, juu ya paa, na hunuka matunda yaliyoiva kupita kiasi. Galfato aliifyonza, akafumba macho.

"Dada Remla, usikasirike."

"Usiseme."

"Imo."

"Siagi kwenye kahawa ya Harar! Bibi yangu angekuchapa kwa mwiko! Sisi tuliifundisha dunia kunywa kahawa, wewe unatutia siagi?"

"Kahawa ilianzia Kafa."

"Kafa iliota tu porini. Sisi tuliinywa. Onja tena!"

Saa tisa na nusu. Galfato alichukua kalamu, akaiweka. Akiandika siagi, anamzika mama yake na kijiji kizima kwa kosa lisiloingia akilini. Asipoandika, ameusaliti ulimi uliomlisha miaka kumi na mmoja. Na kama ulimi umekufa? Mwonjaji aliyepoteza ulimi hufanya kazi gani? Kwa kutojua la kushika, akalishika bilauri la maji ya moto wanaloogeshea vijiko, akainamisha uso juu ya mvuke wake.

Maji matupu yalinuka siagi.

"Remla," akanong'ona. "Hata maji."

Remla akaja, akachungulia. Wakati huohuo tone likadondoka kutoka usoni pa Galfato, likatua kwenye maji, likatanda kama jicho dogo la manjano.

Waliliangalia wote wawili.

"Vua kofia," Remla akasema.

"Kichwa kinaniuma."

"Vua!"

Akaivua. Utosini, chini ya sufi, donge la siagi alilobandikwa na mama yake usiku wa kuamkia safari, dawa ya kichwa aliyokwisha kuisahau, lilikuwa limebaki nusu. Lililobaki lilikuwa likimtiririka kila alipouweka uso juu ya mvuke.

"Siku tatu hizi," Remla akasema polepole, "nilikuwa nadhani ni mji. Wiki ya Fiche Hawassa yote inanuka siagi. Kikulacho ki nguoni mwako, bwana wee!"

Galfato akaosha kichwa bombani kwa sabuni ya kufulia, mara tatu, akarudi maji yakimchuruzika shingoni. Zilibaki dakika nane. Akaonja Hobicho kikombe kwa kikombe. Ndimu. Ua la mbuni. Mwisho safi, kama kengele iliyonyamaza.

Lakini hakuandika upesi. Alikuwa akitafuta kitu nyuma ya ile ndimu, kitu cha jikoni kwao, moto na mama, na hakukiona. Je, hii ndiyo ladha ya Hobicho, au ni Hobicho iliyovuliwa nguo? Alikuwa ameinywa maisha yake yote na siagi ndani yake, na hakujua ipi ndiyo yenyewe.

"Dakika tatu," Remla akasema.

Akaandika: *Safi.* Remla akaandika lake chini yake.

Simu ikalia. Shangazi Shamme alikuwa akihema. "Tumefungua mbegu yote! Tumeinusa, sisi wanawake kumi na wanne, punje kwa punje! Hakuna siagi!"

"Shangazi, ilikuwa kichwani mwangu."

Akamsikia akiwageukia wenzake: "Anasema ilikuwa kichwani mwake." Kicheko kikalipuka huko Bensa. Katikati yake ikaja sauti ya mama yake, imeipokonya simu.

"Umeiosha dawa yangu? Wewe! Na kichwa kinaendeleaje?"

Galfato alijishika utosi uliolowa.

"Kinauma, mama."