Gari Lililozoea Harusi

Damu ya Kristina ilikuwa imeshapenya godoro la machela na sasa ilidondoka sakafuni mwa gari, na Alois aliisikia. Au alidhani anaisikia. Landikruza kuukuu ikiteremka kutoka Matombo juu ya yale mawe hupiga kelele kama kabati la vyombo linaloanguka, wala hakuna binadamu anayeweza kusikia tone la damu humo ndani. Lakini yeye alilisikia, tone baada ya tone, akakaza usukani na kukanyaga mafuta.

"Alois, punguza mashimo!" Sista Winfrida alipiga kelele kutoka nyuma.

"Niyapunguze wapi, sista? Barabara yenyewe ndiyo mashimo!"

Winfrida alikuwa mkunga wa kituo chao cha afya, mwanamke mfupi mwenye maneno makali na mikono ya upole, na wanawake wa mlimani walimwogopa mpaka siku ya kujifungua, kisha wakampenda. Alikuwa amepiga magoti kando ya machela, ngumi moja imezama kwenye tumbo la Kristina. Kristina alijifungua salama saa saba mchana, mtoto wa kike, analia vizuri, wamemwacha kituoni na bibi yake. Ni kizazi kilichokataa kujikaza na kurudi. Sindano alishachomwa, dripu mbili zilishaingia, na damu ilikuwa inatoka tu kana kwamba hakuna kilichofanyika.

"Hospitali ya mjini nimeongea nao," Winfrida alisema. "Damu ipo, daktari yupo. Nifikishe ndani ya nusu saa. Nusu saa naweza kumshika. Zaidi ya hapo, mimi si Mungu."

Ignas, mume wa Kristina, alikaa upande wa kichwa ameinua chupa ya dripu kwa mkono, maana ndoano yake ilivunjika tangu masika. Alikuwa kijana wa migomba na karafuu, mkimya, na tangu watoke alikuwa hajasema kitu zaidi ya "Kristina, Kristina," kama mtu anayemwita mwenzake avuke mto.

Kwa Alois huyu hakuwa mgonjwa tu. Kristina alikuwa binti wa dada yake wa ukoo, na kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama. Akiolewa ni shughuli ya mjomba, akipatwa na jambo ni la mjomba. Mwaka uliopita, siku ya ndoa yake, mvua ilinyesha mpaka gari la kukodi likakwama matopeni huko chini, na bibi harusi akabaki kwenye baraza la misheni na shela lake, analia. Alois alifanya nini? Alifungua mlango wa gari la wagonjwa, akatandika kanga mpya juu ya machela, akampakia bibi harusi na bwana wake, akateremka nao. Hapo hakuna wa kumlaumu. Walipokaribia Kiroka, Kristina akagonga kioo akicheka, machozi yameshakauka. "Mjomba, washa basi zile taa!"

Naye akawasha. Taa nyekundu na za buluu, na king'ora juu yake, mpaka ukumbini. Watu walishangilia wakapiga video, na video ikazunguka kwenye simu za Morogoro nzima.

Mzaha mzaha, hutumbuka usaha. Baada ya hapo simu zikaanza. Mzee, tusindikizie maharusi wetu, ni Bigwa hapo tu. Mzee, dakika tano, tupendezeshe msafara. Kila gari lilipoteremka na mgonjwa Jumamosi, kurudi kwake kulipitia harusini. Hakudai chochote; alipewa pilau, na alipewa sifa, na sifa ndiyo iliyomlevya. Wakambatiza Mzee Kimulimuli. Alilipenda jina hilo, tuseme ukweli, alilipenda kuliko Alois.

Winfrida peke yake ndiye aliyenuna. "Taa hizi si za shangwe," alimwambia siku moja wakiosha gari. "Utakuja kuziwasha kwa shida na hakuna atakayeshtuka."

"Sista, una roho ya korosho," Alois alimjibu akicheka, akaendelea kuosha tairi.

Sasa, saa nane na nusu mchana wa Jumamosi, walipomaliza kupanda mlima wa Kiroka na kuanza mteremko wa kuelekea Bigwa, aliusikia msafara kabla ya kuuona. Tarumbeta. Ngoma. Honi. Kisha kona ikafunguka: magari ishirini, yote yamewasha taa za hatari, riboni za waridi kwenye vioo, bodaboda zikicheza katikati, na mbele pikapu iliyobeba wapiga tarumbeta. Barabara ilikuwa nyembamba, upande mmoja ukuta wa mlima, upande mwingine korongo.

Alois aliwasha taa zote. Akafungulia king'ora mpaka mwisho.

Msafara ulimpisha! Gari moja likasogea pembeni, la pili, la tatu, na moyo wake ukapanda. Alipita katikati yao akisema asanteni, Mungu awabariki, asanteni. Alipofika nyuma ya gari la maharusi, njia ikafungwa mbele yake. Na nyuma ikafungwa vilevile.

Juu ya pikapu alisimama mshereheshaji, jamaa anayeitwa Rogers, kipaza sauti mkononi, suti inayong'aa kama sahani ya bati. Alois alimfahamu. Walishakula pilau meza moja.

"Jamani eee!" Rogers alinguruma. "Mzee Kimulimuli kaja mwenyewe! Mpisheni akae katikati, taa zimmulike bibi harusi!"

Vigelegele vikapasuka. Alois alitoa kichwa dirishani. "Nina mgonjwa! Rogers, nina mgonjwa humu!"

Tarumbeta ziliyameza maneno yake. Kijana mmoja juu ya bodaboda alisikia neno moja tu, akacheka. "Mzee, hata sisi tunaumwa! Tunaumwa mapenzi!" Na binti mwenye sare ya kamati akanyoosha mkono kutoka gari la jirani, akafunga utepe wa waridi kwenye kioo chake cha pembeni, akampungia.

Alois alipiga honi. Kwa wenzake, hiyo nayo ilikuwa shangwe, wakamjibu kwa honi zao. Aliapa, aliomba, aliwatukana mama zao, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu apewe kipaimara. Kila alichokifanya kiliongeza harusi. Akajua wakati huohuo kwamba hawa si wabaya. Yeye ndiye aliyewafundisha.

Nyuma, sauti ndogo ya Kristina ilisema, "Mjomba. Ni harusi ya nani?"

Alois alishindwa kugeuka. "Ya watu tu, mwanangu. Tunapita sasa hivi."

Msafara ukasimama kabisa. Mpiga picha ameona mji wote wa Morogoro umetandazwa pale chini, akataka maharusi washuke wapigwe picha. Alois alisukuma mlango wake. Bodaboda mbili zilikuwa zimeubana, wenyewe wanacheza.

"Ignas, njoo hapa," alisema Winfrida. "Weka chupa kifuani kwake. Kunja ngumi. Hapa. Bonyeza kwa uzito wako wote. Akilia, bonyeza. Usiachie mpaka nirudi, umenisikia?"

"Sista, unakwenda wapi?" Alois aliuliza.

"Kuwaonyesha mikono yangu."

Kizibao cha manjano chenye mistari ya kung'aa kilikuwa kimening'inia kwenye msumari karibu na mlango wa nyuma. Winfrida mwenyewe ndiye aliyekipigania, barua tatu wilayani, ili mhudumu akishuka barabarani aonekane. Alikipita. Alifungua mlango, akaruka chini, akazunguka gari upande wa korongo, mikono juu, glovu nyekundu mpaka kwenye viwiko.

Kijana mwingine wa bodaboda alikuwa anakuja kwa kasi pembeni mwa msafara, tairi la mbele limenyanyuka hewani, akiwaonyesha wageni ufundi wake. Akiwa amenyanyua hivyo, hakuona kilicho mbele. Alois alimwona kwenye kioo, katikati ya utepe wa waridi unaopepea. Alipiga yowe. Kisha akasikia kishindo.

Tarumbeta zilinyamaza moja baada ya nyingine. Ya mwisho iliendelea peke yake kidogo, mwenyewe hajaona, halafu nayo ikakatika. Pale kimya kilipoingia ndipo wote walipomsikia Ignas analia ndani ya gari.

Sasa walielewa. Rogers aliruka kutoka kwenye pikapu, akachungulia mlango wa nyuma, akashika kichwa. "Mungu wangu, mzee, si ungesema!" Rogers akageuka akaanza kupiga kelele za kweli: toa gari, sogeza, sukuma hiyo pikapu, isukume hata korongoni! Bwana harusi mwenyewe alisukuma. Wanaume wanne wenye suti walimbeba Winfrida wakamlaza sakafuni kando ya machela, mguu wake wa kulia umepinda mahali ambapo mguu haupindi.

"Ignas," alisema kwa meno yaliyoumana. "Umeachia?"

"Niliangalia nje, sista. Kidogo tu."

"Bonyeza."

Dakika kumi na moja zilikuwa zimekwenda. Alois aliziona kwenye saa ya gari, na baadaye hakuna siku ambayo hakuzihesabu.

Aliteremka Bigwa kama mwendawazimu. Kutoka sakafuni Winfrida alikuwa anaelekeza, juu kidogo, kulia, bonyeza, na kila shimo lilimkata sauti, na kila mara alirudi kuanza upya. Kristina hakuuliza tena kitu. Msafara wote ulikuwa nyuma yao, honi na taa za hatari, sasa wakijaribu kusaidia, masikini, kwa namna pekee waliyoijua.

Kwenye lango la hospitali mlinzi aliinua mkono. Aliona utepe kwenye kioo. Aliona magari ishirini yenye riboni.

"Mzee wangu, hapa ni hospitali," alisema bila haraka. "Mambo ya harusi peleka ukumbini."

Alois aling'oa utepe kwa mkono mmoja, akatoa sauti ambayo haikuwa neno. Mlinzi akakimbilia lango.

Kristina alifariki saa kumi kasorobo, chupa ya pili ya damu ikiwa nusu. Daktari alikuwa kijana na alikuwa amechoka. "Mngewahi kidogo tu," alisema, si kwa lawama, akarudi ndani kwa Winfrida, ambaye mguu wake ulitakiwa kufungwa vyuma usiku huo.

Alois na Ignas walikaa kwenye benchi la saruji. Mikono ya Ignas ilikuwa bado imekunjwa ngumi. Alois alikuwa na uhakika wa jambo moja: asiposema sasa, hatasema kamwe.

"Ignas, mwanangu. Wale watu walinifahamu. Taa zile mimi ndiye niliyezifanya za harusi. Mimi ndiye niliyemuua."

Ignas alizitazama ngumi zake.

"Siku ile yeye hakutaka kuomba, mjomba," alisema mwishowe. "Aliona haya. Mimi ndiye niliyemwambia, gonga kioo, mwambie mjomba awashe."

Wakalia pale wote wawili, na hakuna aliyemwambia mwenzake anyamaze.

Jumapili walimrudisha Kristina mlimani, kwa gari lilelile, maana jingine halikuwapo. Mwanamke mmoja wa Bigwa asiyewafahamu alifunga kitambaa chekundu cha msiba kwenye kioo cha pembeni, mahali pale ulipokuwa utepe. Alois hakuwasha taa za juu. Hakugusa king'ora. Alikwenda polepole.

Bodaboda ya kwanza ilipoona kitambaa iliegesha pembeni, dereva akavua kofia. Lori la matofali likasimama. Waendesha baiskeli wenye ndizi walishuka, wakashika baiskeli zao na kuinamisha vichwa. Kwenye ile kona ya Kiroka, basi dogo lililojaa abiria lilirudi kinyumenyume mpaka kwenye ukingo wa korongo ili wapite, na ndani yake wimbo uliokuwa unapigwa ulizimwa.

Barabara yote ilikuwa nyeupe mbele yao mpaka Matombo.

Ignas alitazama nje ya dirisha, mkono juu ya jeneza.

"Mjomba," alisema. "Laiti jana wangetupisha hivi."