Mgongo wa Kaki

Jumatatu saa mbili asubuhi, fundi cherehani alikuwa anachomoa pini kwenye ukosi wa sare ya shule pale mwanamke wa ukutani alipoingia dukani, magoti yamelowa, mikono imejaa povu.

"Karibu, dada," alisema fundi. "Sogeza hayo makorokoro ukae."

Alimjua. Alikuwa yeye mwenyewe fundi. Mwezi mzima picha yake ilikuwa imebandikwa kwenye ukuta wa kiwanda cha sabuni, ng'ambo ya barabara, kubwa kuliko nyumba. Siku alipopigwa picha hiyo alikuwa amepiga magoti akipinda pindo la gauni la mteja, ndiyo kazi yake. Kule kiwandani wakamfuta mteja, wakamwekea beseni na shati la kiume, na maneno: "Mume wangu anang'aa!" Tangu hapo ufundi wake ukasahaulika. "Mama Povu, hujambo?" walimtania, na wateja wawili walishamletea nguo za kufua.

Mgeni alipogeuka kutafuta kiti, fundi aliona hana mgongo. Kamera haikuuona. Nyuma alikuwa karatasi tupu yenye gundi. Basi fundi akatwaa futi iliyokuwa shingoni, akampima mabega, akamkatia mgongo wa kaki, akaushona kwa mkono ili asimuumize. Mgeni akajinyoosha, akafuta povu, akachukua gauni lililokuwa mezani na kuanza kupinda pindo. Mkono ulikuwa ule ule.

Mchana fundi alivuka barabara hadi ofisini.

"Msinibandike tena. Sikuombwa ruhusa."

Karani alifungua faili. "Kweli, ukuta uko wazi, tumeona. Ila ruhusa ipo, mama. Mzee alisaini."

"Mzee gani?"

"Mumeo."

"Uso ni wangu."

"Ni wako kabisa, mmefanana," alisema karani. "Ila fomu inataka mwenye familia."

Jioni mumewe alikuwa mezani anakula.

"Si nyie wanawake mnapenda kupigwa picha? Haya, yameisha, mke wangu. Nimeongea nao, hawakuweki tena." Kisha akamgeukia mgeni, aliyekuwa amefuatana na fundi hadi nyumbani. "Shemeji, hebu nisogezee maji."

Asubuhi ukutani palikuwa na picha mpya. Binti yao wa darasa la sita alikuwa amepiga magoti mbele ya beseni dogo, ameshika shati la babake. "Baba yangu anang'aa!" Chini kabisa, kwa herufi ndogo: kwa ruhusa ya mwenye familia.

Fundi aliisoma yote, akarudi dukani. Akatoa kaki iliyobaki, akaitandaza mezani. Mwanamke wa ukutani akasogea kwenye benchi, akaacha nafasi ya mtu mmoja. Wakakata mgongo wa pili, mfupi kuliko wa kwanza, wakaacha akiba ya kutosha kwenye pindo, maana mtoto bado anakua.