Ncha ya Kichala Kikuu

Kila Septemba, wakulima wa mizabibu wa mji wetu hufunga mamia ya vichala kwenye fremu ya waya mpaka kionekane kichala kimoja kikubwa, kisha wanaume wanne hukibeba hadi kanisani. Kile cha chini kabisa tunakiita ncha. Mwenye ncha hutajwa jina mbele ya mji mzima. Nimefunga vya ubavuni miaka ishirini na miwili, na mwaka huu ncha ilikuwa yangu.

Kisha Corinne akaja kututembelea.

Mdogo wangu huyu anaishi Paris. Akija, watu huchanganyikiwa. Muoka mikate alitoka dukani na unga mikononi, akambusu. Mimi, ninayenunua mkate kwake kila siku, hunisalimu kwa kidevu tu. Corinne akapiga picha mnara, kisima, hata mlango wetu wa ghala, kana kwamba hakuzaliwa hapa. Roho iliniuma, sifichi.

Mzee Fulbert, msimamizi wa sikukuu, akaniita kando.

"Huguette, mwachie Corinne afunge ncha. Yeye mgeni, wewe upo siku zote."

"Nipo, ndiyo. Kama lile pipa lako bovu."

"Usinune basi! Mwakani zamu yako."

Asubuhi ya sikukuu Corinne alirudi kutoka kwenye mizabibu ya marehemu baba na kichala kizuri ajabu. Lakini alikuwa amekikata kwenye kikonyo. Hapa kwetu kila mtu anajua: kichala cha kuning'inizwa hukatwa pamoja na kipande cha tawi, kamba ipate pa kushika.

"Dada, nimekata vizuri?"

"Vizuri sana. Funga tu." Kamba nikampa mimi mwenyewe.

Mbele ya kanisa Fulbert akapaza sauti: "Ncha ya mwaka huu, kwa ombi la Corinne aliyeifunga, ni ya dada yake, Huguette!"

Makofi yakalipuka. Wabebaji wakapanda ngazi ya kwanza, fremu ikatikisika, ncha ikaanguka kwenye mawe. Makofi yakakatika.

"Huguette!" akaguna muoka mikate. "Na miaka yote hiyo, hukumwonyesha?"

Corinne akanishika mkono, machozi yakimlengalenga. "Nisamehe, dada. Sijui nimekosea wapi."

Mimi nilijua. Nikainama kuokota zabibu, asinione uso.