Ufukwe wa Nyuma ya Uwanja

Ukitaka kujua ufukwe upi una mchanga laini na upi una mawe ya kuchoma nyayo, ulipanda ngazi hadi ofisi ya safari iliyo juu ya duka la miwani, ukaenda dawati la tatu na kumuuliza Mama Fukwe. Jina hilo alipewa na wateja, wenzake wakalidaka, mpaka lile la kwenye kitambulisho likabaki la benki tu. Alikuwa na kasha la bati lenye kadi mia mbili na kumi na nne, kila ufukwe na kadi yake, na kila kadi ina mistari minne: mchanga, maji, kivuli, kelele. Mteja akirudi likizo, hata nguo hajafua, simu inalia. Ni Mama Fukwe. Maji yalikufika wapi ulipotembea hatua kumi? Saa nane mchana kivuli kilikuwa upande gani? Wengine walimkwepa kama mdai. Wengi walijibu, naye akaandika.

Jambo moja wateja hawakulijua, na yeye hakuona haja ya kuwasumbua nalo. Katika miaka kumi na tisa ya kuwachagulia watu fukwe za visiwani, Mama Fukwe hakuwahi kukanyaga hata mmoja. Bahari aliijua kwa picha za kalenda.

"Wewe ni mpishi asiyeonja," alimtania shoga yake wa dawati la pili, yule anayeshughulikia viza.

"Mpishi mwenye pua nzuri haonji," alijibu Mama Fukwe, na kazi ikaendelea.

Lakini mwaka huo ilikuwa zamu yake. Ofisi ilikuwa imempa tiketi ya kumshukuru kwa utumishi, nayo ilikuwa imelala kwenye droo miaka minne, ikimsubiri binti yake apate likizo. Binti alikuwa mkunga katika nchi ya mbali yenye baridi, na hawakuwa wameonana kwa miaka sita. Kuja nyumbani kulimaanisha siku mbili njiani kwenda na mbili kurudi, ndege tatu tatu. Kisiwa kimoja kilikuwa katikati yao, na ndege za pande zote mbili zilitua pale moja kwa moja. Binti akapata siku sita. Wakakubaliana kukutana huko.

Waliongea kila Jumapili kwa simu, tena kwa picha. Sawa, picha ni picha. Ila simu haina harufu, na Mama Fukwe alitaka kunusa kichwa cha mwanawe, basi. Hamu hiyo ilimshika hata kazini, katikati ya mteja, na ilibidi ajifanye anatafuta kalamu chini ya meza.

Kilichomuuma zaidi ni namna walivyoachana. Siku ile binti anaondoka, walinzi walimzuia mama mtu kwenye mlango wa vioo wa uwanja wa ndege. Wasafiri tu, walisema. Akatoka mbio hadi maegesho ya magari aone ndege ikiruka. Ziliruka ndege tatu, moja baada ya nyingine, na hakujua ipi ni ya mwanawe. Akazipungia zote tatu. Watu wa maegesho walimwangalia, na yeye akawaangalia wao, kila mtu akashika hamsini zake.

Basi safari hii alitaka kila kitu kiwe sawa. Kisiwa kile kilikuwa na kadi kumi na moja kwenye kasha lake. Kwa wiki tatu alizipanga na kuzipangua juu ya meza ya chakula nyumbani, chai ikipoa pembeni. Ghuba ya Kimya ilikuwa na mchanga mweupe usiopata joto, ila kufika huko ni basi halafu boti, saa tatu. Minazi Saba palikuwa na kivuli mchana kutwa. Vikombe palikuwa na vidimbwi vya maji ya vuguvugu ambamo mtu asiyejua kuogelea angeweza kukaa akajiona wa maana.

"Mama, mimi popote," binti alisema akicheka.

"Popote si jina la ufukwe. Nikuulize, unataka kivuli au unataka maji?"

"Nataka kulala mapajani kwako."

"Mapaja ninayo," alisema. "Tunachagua pa kuyaweka."

Akachagua Ghuba ya Kimya. Kwenye kadi yake, mstari wa kelele ulikuwa na neno moja: hakuna. Akanunua taulo jekundu, kubwa la kutosha watu wawili, akalifua mara moja lipate harufu ya nyumbani.

Siku tisa kabla ya safari, binti alipiga simu siku isiyo Jumapili. Wakunga wawili walikuwa wameacha kazi kwa mpigo, likizo zote zimekatwa. Alichoachiwa ni siku moja ya mapumziko na usiku wa kusafiri huku na huku. Angetua saa nne asubuhi na kuondoka saa kumi jioni.

"Tuahirishe, mama. Mwakani wameniahidi wiki nzima. Tutakwenda kwenye hiyo ghuba yako ya kimya."

Saa sita. Kwenda Ghuba ya Kimya na kurudi kulizimeza zote. Minazi Saba kungewaachia dakika arobaini, za kukimbizana na basi. Shoga wa viza naye alishauri kuahirisha. "Utasafiri usiku kucha ukakae saa sita uwanjani kwenye viti vya chuma? Subiri ufanye jambo la maana."

Moyo ulimwambia Mama Fukwe kwamba mwakani ni neno alilolisikia mwaka jana, na mwaka juzi. Na yeye aliwahi kuwaambia wateja wangapi kwamba sehemu nzuri inastahili kusubiriwa? Aliona aibu kidogo. Alifungua kasha, akaenda mwisho kabisa, kwenye kadi ya kisiwa kile kile ambayo hakuwahi kumtolea mteja. Ufukwe wa Nyuma ya Uwanja. Dakika kumi na tano kwa miguu kutoka mlango wa wanaowasili. Mchanga wa kijivu, maji ya tope, kivuli cha ukuta. Kwenye kelele alikuwa ameandika maneno ya mwalimu mkuu mmoja aliyeupata ufukwe ule kwa kupotea njia na kurudi akifoka: ndege zinapita chini mpaka unahesabu madirisha. Chini yake, kwa wino mwekundu, mwandiko wa Mama Fukwe mwenyewe: mteja asipelekwe hapa.

Akapiga moyo konde, akampigia binti. "Usibadilishe tiketi. Nimepata ufukwe."

"Mzuri?"

"Mbaya kupita yote. Njoo."

Walikutana mlangoni pa wanaowasili, na mama akanusa kile kichwa mbele za watu, bila haraka, huku wenye masanduku wakiwazunguka. Kilinuka sabuni ya kigeni. Chini ya sabuni, kilikuwa kile kile.

Ufukwe ulikuwa kama kadi ilivyosema, au mbaya zaidi, maana mwalimu mkuu alisahau kutaja ndala zilizotupwa. Walitandika taulo jekundu kwenye kivuli cha ukuta. Binti akajilaza mapajani kwa mama yake, mtu mzima wa miaka thelathini na moja, na kuanza kusimulia. Hakumaliza sentensi ya pili. Ndege ilikuja juu yao kwa mngurumo wa kutikisa meno. Hakukuwa na namna ya kuongea, basi wakakumbatiana mpaka ikapita. Kisha wakaendelea na habari. Ikaja nyingine, wakakumbatiana tena. Kufikia ya nne walikuwa wanazingojea, na binti alikuwa wa kwanza kuinua mikono. Zilipita ndege kumi na moja. Mama Fukwe alizihesabu, kwa kuwa kuhesabu ndiyo kazi yake.

Saa nane binti alianza kutazama saa, na mama akajifanya haoni.

"Taulo nakwenda nalo," binti alisema walipokuwa wakikung'uta mchanga. "Usibishe."

"Nani anabisha? Umepewa kiti gani?"

"Dirishani, upande wa kulia, nyuma ya bawa. Dirisha la nne."

Kwenye mlango wa vioo walinzi walimzuia, kama kawaida yao. Ndege yake yeye ilikuwa saa moja jioni. Alimtazama mwanawe mpaka alipoishia nyuma ya mstari wa watu, halafu akageuka, akavua viatu na kurudi ufukweni karibu mbio.

Akasimama pale pale. Saa kumi na dakika kumi ikaja moja tu, nyeupe, chini kabisa. Alianzia kwenye bawa. La kwanza, la pili, la tatu. Uso hakuuona, tusidanganyane. Lakini dirisha la nne lilikuwa jekundu lote, limezibwa kwa taulo. Mama Fukwe alipunga mikono yote miwili, akapiga kelele maneno ambayo hata yeye hakuyasikia, na machozi yakamtoka bila kuyazuia.

Ikapita. Alikaa chini, akatoa kadi kwenye mkoba na kuukata kwa kalamu ule mstari mwekundu. Mchanga, maji, kivuli, hakubadilisha kitu. Alipofika kwenye kelele alikaa sana, akisikiliza. Kisha akaandika kwamba shida ya ufukwe huu ni kimya chake, kinachoanza ndege ikishapita.