Kona ya Udongo

Pwa. Pwa. Kimya kidogo. Pwa.

Niliisikia sauti hiyo nikiwa bado nahangaika na kufuli la mlango. Ilitoka nyuma ya darasa, kwenye kona yangu ya udongo. Nilidhani ni mbuzi. Mbuzi wa kijiji hiki hawana adabu, na asubuhi ile, Alhamisi ya mwezi Machi 1976, sikuwa tayari kumsamehe mbuzi wala mtu.

Saa nne wazazi walikuwa wanakuja kuamua. Ndugu Kilian, mwenyekiti wa kijiji chetu cha ujamaa, alikuwa ameniambia wazi: "Mwalimu Cuthbert, kina mama wanasema watoto wanacheza tu humo ndani. Wakiacha kuwaleta, chumba kinarudi kuwa stoo ya mbolea, na wewe unarudi kwenu ziwani."

Kwetu ni karibu na Liuli, ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Huku Matiri, milimani, nilikuja na vitu viwili: cheti cha mafunzo ya wiki sita ya kulea watoto, niliyoyapata Songea, na daftari la mashairi niliyojifunza kutunga peke yangu. Nilivipenda vyote viwili kupita kiasi.

Songea tulifundishwa kwamba mtoto mdogo hafundishwi kwa kukalishwa chini na kuimbishwa a-e-i-o-u kutwa nzima. Anajifunza kwa kucheza, na kila mchezo uwe na mahali pake. Basi upande wa dirisha niliweka duka la makopo matupu na mzani wa vibuyu viwili na kamba. Mkabala wake nikaweka nyumba, yenye mafiga matatu, vyungu vidogo, na wanasesere wa vibunzi vya mahindi. Fundi Pankras alinipa mabaki ya mbao zake kwa kona ya ujenzi. Ya kuhesabia ilikuwa na maharage, buni na vijiti. Juu ya mlango nikaandika kwa mkaa:

Kona ya kwanza ni duka, ya pili nyumba ya mama.

Hakuna aliyeusifu mshororo huo. Pankras aliusoma mara mbili, akauliza kama ni tangazo la biashara.

Lakini fahari yangu ilikuwa nje, chini ya paa la nyuma: kona ya udongo. Hapo nilikuwa nimeinua matuta manne yaliyonyooka kwa kamba, kama tunavyolima kwetu ufukweni. Nilitaka kina mama wayaone kwanza kabla ya kitu kingine chochote.

Nikazunguka nyuma. Hakukuwa na mbuzi. Alikuwepo Luisa, mtoto wa miaka sita, amepiga magoti akipigapiga udongo kwa kiganja. Pwa. Karibu naye Mansuetus, rika lake, amekumbatia mzigo wa majani. Matuta yangu hayakuwepo tena. Palikuwa na mashimo, safu moja manne, nyingine matano, yamepangana kama vyumba.

"Nani amewaambia mbomoe matuta yangu?"

"Hatubomoi, Mwalimu," alisema Luisa. "Tunalima. Huyu ni baba, mimi ni mama. Baba ni mvivu, hajamaliza kulaza majani."

"Mimi si mvivu!" alisema Mansuetus.

"Mnalima mashimo?"

"Ndiyo," alijibu Luisa, akinitazama kana kwamba nimeuliza kama maji yanalowesha.

Niliona ananidhihaki. Damu yangu huchemka haraka. Nikaingia na viatu vyangu nikakanyaga, nikasukuma udongo, nikafukia shimo moja baada ya jingine. Luisa hakulia papo hapo. Alitazama miguu yangu mpaka niliposimama, ndipo akakimbia. Mansuetus akaangusha majani, akamfuata.

Saa nne wazazi walifika, wengi wao na majembe, maana walikuwa safarini kwenda mashambani. Mbele alikuwa Bibi Albina, bibi yake Luisa, mama wa maneno machache ambayo watu wengine waliyarudia siku nzima. Mtoto alikuwa nyuma yake, ameshika khanga yake, na Mansuetus kando.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, Usipa."

Wakacheka. Usipa ni dagaa wa ziwani kwetu, na ndilo jina nililopewa huku tangu siku ya kwanza.

"Mjukuu wangu amerudi analia, hasemi kwa nini," aliendelea. "Hilo tutaliuliza baadaye. Neno langu ni hili. Kabla hatujahamishiwa hapa barabarani, mtoto alikuwa mgongoni mwangu shambani. Akishuka anaona ninavyolima ngoro. Sasa shamba ni mwendo wa saa mbili, mtoto anabaki humu kucheza duka. Akikua atalima nini, makopo?"

"Hapo hapo!" waliitikia kina mama.

"Mwalimu, jibu," alisema Ndugu Kilian.

Jibu nilikuwa nalo mfukoni: beti sita, vina vimekaa sawa. Nikaingiza mkono nikazigusa karatasi. Kisha nikamwona Luisa. Hakuwa amenishtaki kwa mtu yeyote. Alikuwa anatazama viatu vyangu.

"Bibi," nilisema, "ngoro ni nini?"

Kicheko kikapasuka, kikubwa kuliko cha kwanza. "Miezi saba anakula maharage yetu!" alisema mama mmoja. Ni kweli. Miezi saba, na sikuwahi kupanda mlimani hata mara moja kuona maharage hayo yanatoka wapi.

"Njooni nyuma," nikasema, nikawatangulia. "Luisa na Mansuetus walilima mashimo hapa. Mimi nikadhani wanaharibu. Hizo ni nyayo za viatu vyangu. Ndiyo sababu mtoto analia."

Bibi Albina aliweka jembe chini, akainama. Shimo moja kando ya ukuta lilikuwa limenusurika. Akachomeka kidole kwenye ukingo wake, akavuta jani lililokuwa limefukiwa chini ya udongo.

"Haya amelaza nani?"

"Mansuetus."

"Na kufukia?"

"Luisa, bibi."

Alilirudisha jani mahali pake. Halafu akanieleza, taratibu, kama anavyoelezwa mgeni. Katika miteremko hii mvua hubeba matuta yaliyonyooka mpaka bondeni. Kwa hiyo mwanamume hufyeka majani na kuyalaza miraba miraba. Mwanamke huchimba katikati ya kila mraba na kuyafunika kwa udongo. Shimo hushika maji, majani huoza, maharage hushiba.

"Huyu nilimwonyesha mwaka juzi," alisema. "Alikuwa na miaka minne. Nilidhani amesahau. Hapa kiwanja changu chote ni nyumba na choo, hana pa kujaribu." Akanigeukia. "Na humu unamwacha ajaribu?"

"Nilimkataza, bibi."

"Lakini kabla hujamkataza alikuwa ameshafanya. Vua viatu, Usipa."

Nikavua. Akanipa yale majani ya Mansuetus, kwa kuwa mimi ni mwanamume na hiyo ndiyo kazi yangu. Nikayalaza. "Tazameni, anaanika samaki!" alipiga kelele mama mmoja, na Mansuetus, kwa huruma kubwa, akaja kunionyesha jinsi ya kuyakutanisha pembeni. Bibi Albina alichimba kwa jembe lake mwenyewe, jembe ambalo lilipaswa kuwa shambani saa ile. Hakunidai neno la samahani. Jambo hilo sitalisahau: mbele ya watu wote aliokuja nao kunifukuza, alichagua kunifundisha.

Alipomaliza shimo la tatu aliinuka, akashika kiuno.

"Kilian, chumba kibaki cha watoto. Lakini kona hii kila Alhamisi ni yangu. Nitakuja na wenzangu kwa zamu, na Usipa atalaza majani."

Kina mama wakakubali, mmoja mmoja, wakachukua majembe yao.

"Mbolea itafute pengine pa kulala," alisema Ndugu Kilian, akaandika kwenye kijitabu chake.

Luisa alikuwa bado amesimama kando. Nikamwendea bila viatu, matope mpaka vifundoni, nikachuchumaa mpaka macho yetu yakawa sawa. Bibi yake akasimama kusikiliza. Nilizungumza kwa sauti, ili asikie na yeye, na wengine waliokuwa wakiondoka.

"Luisa, nilikosea, na ahsante kwa kunifundisha. Mbele ya bibi yako nakuahidi: sitagusa tena kitu ulichokijenga kabla sijakuuliza ni nini, na kungoja mpaka umalize kunijibu."